RNA isiyosimba protini na mkunjo wa jenomu

Paka mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa karibu kila mara huwa jike. Jeni inayoamua rangi hizo ipo kwenye kromosomu X, na jike ana X mbili. Huenda moja ikabeba weusi na nyingine uchungwa. Angali kiinitete, kila seli yake huzima X moja bila kuchagua ipi, na seli zote zitakazozaliwa na hiyo hufuata uamuzi uleule. Manyoya hutoka na mabaka. Mary Lyon, mwanajenetiki wa Uingereza, alilieleza jambo hili mwaka 1961. Kwa wanawake pia lipo, ila kwao halionekani kwa macho.

Ni nini kinachoizima X? Mwaka 1991 watafiti walieleza jeni iitwayo XIST, ambayo hunakiliwa kuwa RNA yenye herufi zipatazo 17,000. Aliyesoma biolojia shuleni angetarajia RNA hiyo itoke kwenye kiini cha seli, isomwe na ribosomu, itengeneze protini. Haitoki. Hubaki kiinini, huifunika X iliyoizalisha na kuziita protini za kunyamazisha jeni. Kromosomu nzima hujikusanya ikawa kidoa kinachoonekana kwa hadubini. Kidoa hicho Murray Barr na Ewart Bertram walikuwa wamekwisha kukiona nchini Kanada mwaka 1949, katika seli za neva za paka, tena wa kike.

Kiswahili kiiite nini RNA ya namna hii? Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, kabla XIST haijaelezwa, kwa hiyo haiwezi kudaiwa jibu. Jina linalokuja haraka ni “RNA isiyo na msimbo”, nalo linapotosha. Herufi za XIST zina mpangilio wake, na mpangilio huo ndio unaoipa kazi. Isichokuwa nacho ni agizo la kutengeneza protini. “RNA dhibiti” inapendeza zaidi kwa sababu inataja kazi badala ya kutaja upungufu. Lakini RNA ya ribosomu, iliyo nyingi kuliko RNA nyingine zote katika seli, nayo haitafsiriwi kuwa protini, na kazi yake ni kuziunga protini, si kudhibiti jeni. Linalobaki ni “RNA isiyosimba protini”. Ni refu na halina mvuto, ila ni la kweli. “RNA dhibiti” litufae kwa kundi lililo ndani yake: XIST, pamoja na mikroRNA, zile fupi za herufi 22 hivi ambazo utafiti wake uliwapa Victor Ambros na Gary Ruvkun Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Uangalifu huu una sababu. Sehemu ya jenomu ya binadamu inayosimba protini haizidi asilimia 2, na iliyobaki ilikwisha kupewa jina la “DNA taka”, lililoenea baada ya Susumu Ohno kulitumia mwaka 1972. Jina hilo lilimfanya mtu asione haja ya kutazama.

Istilahi ya pili, mkunjo wa jenomu, inaonekana rahisi kuliko ilivyo. DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufika mita 2 hivi, nayo hukaa katika kiini chenye upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Kwa hiyo msomaji hudhani mkunjo ni suala la nafasi tu, kama nguo sandukuni. Kumbe kukunjwa huikutanisha DNA na DNA iliyo mbali nayo. Protini ya kohesini huivuta DNA ikawa kitanzi, na kitanzi huendelea kukua mpaka kikwame palipokaa protini nyingine, CTCF.

Mfano ulio karibu nasi ni hemoglobini. Kwenye kromosomu 11 kuna eneo dhibiti lililo mbali na jeni linazozichochea. Mtoto akiwa tumboni, kitanzi huligusisha na jeni za hemoglobini ya kijusi. Baada ya kuzaliwa, huhamia kwenye ile ya watu wazima, ndiyo yenye hitilafu kwa mgonjwa wa selimundu. Mwaka 2014 timu ya Gerd Blobel, Philadelphia, ilikilazimisha kitanzi kirudi kwenye jeni za kijusi katika chembe changa za damu za watu wazima, na jeni hizo zikawaka tena. Hapo mkunjo ulionekana kuwa sababu, si matokeo tu.

Casgevy, tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, hupita njia nyingine kuifikia hemoglobini hiyohiyo. Huharibu kichocheo, yaani eneo dhibiti, cha jeni ya BCL11A, ile inayozima hemoglobini ya kijusi. Kichocheo chenyewe hakisimbi protini yoyote; kimo ndani ya kile kilichoitwa taka. Marekani tiba hiyo ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hata kabla bei haijashuka, wauguzi na walimu wa Mwanza na Kisumu, ambako selimundu inajulikana sana, waanze kupewa maneno haya katika vitabu vyao: kitanzi, kichocheo, RNA isiyosimba protini.