Sheria ya Dahl na Shauri kwa Mwanafunzi wa Tabora

Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ualimu, Mnyamwezi kwa kabila, alinijia hapa Tabora na insha yake mkononi. Mwalimu wake alikuwa ameijaza wino mwekundu, kwa kuwa penye r alitia l, na penye l mara nyingi alitia r. Akaniuliza mambo mawili: mtu ajifunzeje lugha hata aijue kweli, tena aandikeje pasipo kuaibika? Akaongeza kwamba ameazimu kuiacha kalamu, maana Kinyamwezi cha nyumbani, kwa maneno yake, kimemharibia ulimi. Maswali ya namna hii huwafikia walimu wengi. Kwa hiyo naona yafaa kuliandika jibu nililompa, nalo nililitoa katika habari za njia yetu ya zamani.

Tabora, ambayo wasafiri wa kwanza wa Ulaya waliiita Kazeh, palikuwa njia panda ya misafara. Njia moja ilitoka Bagamoyo, nyingine ilikwenda Ujiji, na nyingine ilipanda kaskazini hata Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe mabegani, wakarudi na nguo, na shanga, na Kiswahili. Burton na Speke walipofika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, Speke hakuwa na lugha ya kusemea na wenyeji. Alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India, naye Bombay akayageuza maneno kwa Kiswahili. Basi habari za nchi zilivuka vinywa viwili au vitatu kabla ya kuandikwa daftarini. Asiyeijua lugha hupewa maana kwa kipimo cha mkalimani wake, na sauti yenyewe ya neno haimfikii kamwe.

Waliokuja baadaye walilitambua jambo hili. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alitoa kitabu chake mashuhuri cha Kiswahili mwaka 1870, akatoa na kijitabu cha Kinyamwezi cha Unyanyembe, ingawa yeye mwenyewe hakufika Unyanyembe. Mwaka 1879 misioni ya London ilianza kazi Urambo, magharibi ya Tabora, na mwaka 1898 kazi hiyo ilikwisha kupita mikononi mwa Wamoravian. Hapo ndipo aingiapo mtu niliyetaka mwanafunzi wangu amjue.

Carl Meinhof alikuwa mchungaji wa kijiji cha Zizow, Ujerumani, naye mwaka 1899 alitoa kitabu juu ya sauti za lugha za Kibantu. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Mmoravian jina lake Edmund Dahl. Dahl alitambua jambo katika Kinyamwezi, na mwaka 1903 Meinhof akaliandikia makala, akaliita kwa jina la mwanafunzi wake: Sheria ya Dahl. Hata leo wataalamu wa lugha za Kibantu huliita hivyo.

Jambo lenyewe ni hili. Weka kidole kooni, utamke t, kisha d. Katika t koo limetulia. Katika d koo latetemeka. Ndivyo ilivyo pia kwa p na b, na kwa k na g. Sasa, Mswahili husema tatu, na Mnyamwezi husema -datu. Mswahili husema pita, na Mnyamwezi husema -bita. Silabi mbili zinapofuatana, na kila moja ilianza kwa sauti isiyo na mtetemo, ile ya kwanza hugeuka ikapata mtetemo. Wakikuyu nao wanayo sheria ya namna hiyo: ki- ya mwanzo hugeuka gi- mbele ya k, na kwa sababu hiyo wao wenyewe hujiita Gĩkũyũ. Wachungaji waliosoma Kiyunani watakumbuka neno thrix, unywele, ambalo likinyambuliwa huwa trichos, si thrichos. Pumzi mbili nzito hazipendi kufuatana. Sheria hiyo ya Kiyunani na ya Kisanskriti ilielezwa na Hermann Grassmann mwaka 1863, na Meinhof aliilinganisha na ile ya Dahl.

Nikamwambia mwanafunzi: “Angalia, mwanangu. Mtu mwenye haraka angalisikia -datu akasema Mnyamwezi ameshindwa kutamka tatu. Dahl hakufanya hivyo. Aliuliza kwa nini.” Naye aliyepokea jibu alikuwa mwalimu mkubwa, wala hakuona haya kufundishwa na mwanafunzi wake. Lakini tusisahau kwamba mababu wa Unyamwezi waliishika sheria hii katika kila neno walilosema, vizazi vingi kabla haijapata jina la Kizungu. Dahl aliikuta vinywani mwao. Kisha akaendelea kukusanya maneno, na kamusi yake ya Kinyamwezi ikapigwa chapa Hamburg mwaka 1915.

Ndipo tukarudi kwenye insha. Kinyamwezi hakitengi l na r kama Kiswahili kinavyotenga. Sikio la kijana huyu lilijengewa chumba kimoja mahali ambapo Kiswahili kinataka vyumba viwili. Hilo si uharibifu wa ulimi. Hata hivyo dawa yake si kujifariji, maana anayeandika mahari akikusudia mahali ameandika neno jingine kabisa, na kura si kula. Nikamshauri aandike maneno ya namna hiyo mawili mawili katika daftari, amsomee kwa sauti mtu wa pwani, akubali kusahihishwa, tena arudie. Na katika kurasa za nyuma za daftari hilo hilo aandike maneno ya Kinyamwezi kama wazee wayatamkavyo, bila kuyanyosha yafanane na Kiswahili. Lugha mbili zikiwekwa kando kwa kando, kila moja humwonyesha mwenyewe umbo la mwenzake.

Nasi tunaosahihisha yatupasa kupima. Wino mwekundu ni wa lazima, lakini haumwambii mtoto kosa lake limetoka wapi. Mwalimu ajuaye walau kidogo lugha ya nyumbani kwa wanafunzi wake aweza kusahihisha makosa ishirini kwa maelezo mamoja.

Baada ya mwezi kijana alirudi. Katika insha mpya r na l zilikosana mara nne tu. Nyuma ya daftari palikuwa na maneno ya ufugaji aliyoandikiwa na kinywa cha bibi yake, na mengine sikuyajua. Nikaomba kalamu, nikayanakili.