Uaminifu ni wa Nani? Jina la Mpango wa Wateja Wanaorudi Melini

Muuza nyanya akishakuzoea hukuita "kastama wangu" ukiwa Nairobi, na "mteja wangu" ukiwa Dar es Salaam. Akimaliza kukupangia fungu, huchukua nyanya mbili tatu akaziweka juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Haiandikwi popote, wala haidaiwi mahakamani, lakini wote wawili mnaijua sababu yake: ulirudi, naye angependa urudi tena.

Biashara kubwa zimeichukua nyongeza hii zikaifanyia hesabu, zikaipangia madaraja na kuitolea kadi. Waingereza na Wamarekani wanauita utaratibu huo "loyalty programme", nasi tukaugeuza haraka kuwa "mpango wa uaminifu". Naamini tafsiri hiyo imekosea, tena imemtwika mtu asiyehusika mzigo wa mwingine. Ili kosa lionekane, tuutazame utaratibu huu pale ulipokomaa kuliko sehemu nyingi, yaani kwenye meli za kitalii, zile zinazobeba maelfu ya watu kwa matembezi ya baharini na nyakati nyingine kutia nanga Zanzibar na Mombasa.

Tuchukue kampuni ya Royal Caribbean ya Marekani. Abiria wake hupata pointi moja kwa kila usiku anaolala melini, na mbili akilala katika switi, vile vyumba vya kifahari. Akifikisha pointi 3 huingia daraja la Gold, yaani dhahabu. Pointi 30 humpandisha Platinum, 55 Emerald, 80 Diamond na 175 Diamond Plus. Daraja la juu kabisa, Pinnacle, linataka pointi 700. Anayesafiri wiki moja moja katika chumba cha kawaida anahitaji safari 100 kulifikia. Akienda mara mbili kila mwaka, itamchukua miaka 50.

Mfasiri asipoangalia, hapa atajikwaa mara mbili. Kwanza, msomaji wetu akisikia "dhahabu" anadhani ni kilele, kwa kuwa mashindanoni medali ya dhahabu ni ya mshindi. Kumbe katika kampuni hii dhahabu ni ngazi ya kuanzia. Pili, akiandika "daraja la kwanza" kwa maana ya ngazi ya kuanzia, atakuwa amesema kinyume, maana tangu enzi za treni na meli za zamani daraja la kwanza ndilo la wenye nazo. Ni salama zaidi kusema daraja la chini na daraja la juu, halafu jina ambalo kampuni imelipa daraja hilo lifuate. Neno hadhi tuliweke kwa ajili ya kile anachopata mtu akishalifikia daraja. Daraja ni ngazi unayopanda. Hadhi ni namna unavyopokelewa ukiwa juu yake.

Na hupokelewa vipi? Mwenye Diamond hupewa kila siku vocha nne za vinywaji. Katika kampuni ya Princess, waliofika daraja la Elite, ambalo kwa muda mrefu limepatikana baada ya safari 15 au siku 150, hufuliwa nguo bila malipo. Holland America huwavisha medali wasafiri wake wa siku nyingi: ya shaba kwa siku 100, ya fedha kwa 300, ya dhahabu kwa 500. Kisha kuna kipaumbele. Katika bandari ambazo meli haiwezi kufunga gati, abiria hushushwa kwa boti ndogo, na wenye daraja la juu hupanda boti za mwanzo. Kwa mtu mwenye saa sita tu za kuuona mji, kipaumbele hicho kina thamani kuliko kinywaji.

Vitu hivi kwa pamoja tuviite nini? Zawadi haifai, kwa sababu zawadi hutoka kwa hiari ya mtoaji na haina idadi ya pointi inayokulazimu kuifikisha. Takrima lingekuwa neno zuri la ukarimu, lakini kwa Watanzania limebeba historia yake: sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 iliwaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina hilo, hadi Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Tangu hapo neno takrima linanuka rushwa. Stahiki liko karibu zaidi, ila linahusu haki ya msingi, na haki ya msingi ya abiria ni chumba, chakula na kufikishwa salama. Vocha na dobi vinakuja juu ya hayo.

Tuna neno linalosema hivyo hasa: marupurupu. Kwa kawaida tunalisikia likitajwa pamoja na mishahara ya wabunge na mawaziri, na watu hulitamka kwa uchungu. Lakini maana yake haina dosari: ni manufaa ya ziada, yaliyofungamana na nafasi aliyonayo mtu, yanayokuja naye akipanda na kumwacha akishuka. Marupurupu ya msafiri melini ni hayo hayo.

Sasa turudi kwenye uaminifu. Neno hili limetoka katika mzizi mmoja na amana, amini na imani. Mwaminifu ni mtu aliyepewa amana akaitunza. Katika biashara ya majahazi kati ya Lamu na Maskati, mwenye mali alimkabidhi nahodha mzigo wake kisha akabaki pwani akisubiri. Nahodha aliyeufikisha mzigo kamili na kurudi na fedha kamili, huyo ndiye aliyeitwa mwaminifu. Uaminifu ulipimwa kwa yule aliyeshika cha mwenzake.

Melini ni nani aliyeshika cha mwenzake? Abiria amelipa nauli, amelala usiku wake, akashuka. Pointi zake zimebaki katika daftari la kampuni, na ahadi zote zinazofuata zimo mikononi mwa kampuni. Abiria ndiye aliyeweka amana. Kumwita yeye mwaminifu ni kumsifu mwenye mzigo na kumsahau nahodha.

Hili lilionekana wazi mwaka 2025. Kampuni ya Carnival ilikuwa na utaratibu wa kuhesabu siku za baharini: Gold kwa pointi 25, Platinum kwa 75, Diamond kwa 200. Mwaka huo ikatangaza mpango mpya wa kuanza 2026, ambao unatazama fedha anazotumia mteja badala ya siku, na ambao humpimia hadhi yake kwa vipindi vya miaka miwili. Kampuni ina haki ya kubadili masharti yake. Lakini wasafiri wengi wa siku nyingi walilalamika, na Mswahili anaelewa malalamiko hayo bila kufafanuliwa: walikuwa wanauliza habari za amana yao.

Basi jina lipi linafaa? Istilahi nzuri hutaja kitu kinachohesabiwa. Safaricom ya Kenya ilipoanzisha pointi zake mwaka 2007 iliziita Bonga, na kubonga katika lugha ya mtaani ni kuongea. Unaongea, unahesabiwa, jina limejieleza. Melini kinachohesabiwa ni kurudi. Moyo wa abiria haupimwi. Anaweza kuwa anairudia kampuni ileile kwa mapenzi, kwa mazoea, au kwa sababu meli zake hutoka bandari iliyo jirani na nyumbani kwake, na pointi zitakuwa zilezile.

Napendekeza tuseme mpango wa wateja wa kudumu, na manufaa yake tuyaite marupurupu ya mteja wa kudumu. Maneno yote tayari yapo vinywani mwa watu. Mwongoza watalii bandarini ataweza kusema, "Hawa walioshuka mwanzo ni wateja wa kudumu, kushuka mapema ni sehemu ya marupurupu yao," na dereva wa teksi ataelewa papo hapo.

Neno uaminifu nalo tusilitupe. Tulirudishe kwa anayestahili kupimwa nalo, tuandike hivi: kampuni hii imekuwa na uaminifu, kwa kuwa pointi ilizowaahidi wateja wake wa kudumu imezilipa zote.