Mpwelezo: Istilahi ya Kushusha Jeshi Pwani

Istilahi "shambulizi la amfibia", inayopendelewa na baadhi ya wafasiri, imeokotwa katika somo la biolojia, ambako amfibia ni chura na jamaa zake, kwa hiyo haimwambii msomaji lolote kuhusu askari wanaoshushwa kutoka melini ili wapigane nchi kavu. Kiswahili hakikuwa na haja ya kukopa, kwa kuwa kitenzi -pwa, chenye maana ya maji ya bahari kupungua, kimekwisha kuzaa pwani, yaani mahali maji yanapopwa. Kimezaa pwelea, linalosemwa chombo kinapokwama mchangani maji yakitoka. Na kimezaa pweleza, yaani kukikalisha chombo mchangani kwa kusudi, na hapo ndipo linapotoka jina linalopendekezwa hapa, mpwelezo.

Kamati moja iliyoletewa pendekezo hili ililirudisha bila hoja yoyote, isipokuwa dai kwamba ni la kipwani mno kwa msomaji wa bara. Dai hilo ni dharau kwa wasomaji, kwa maana Kibaha na Kisarawe hazigusi bahari, lakini zimo katika Mkoa wa Pwani, na hakuna mwanafunzi wa huko anayehitaji kufafanuliwa jina la mkoa wake.

Mfano unaolipima neno hili ni wa Tanga, ambako usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza waliwashusha Ras Kasone askari wa Kihindi wa kikosi cha 13 cha Rajput, wakafuatiwa na nyongeza ya kikosi cha 61 cha Pioneer. Asubuhi wakarudishwa nyuma, kwani nyongeza ya Wajerumani ilikuwa ikiwasili kwa reli kutoka Moshi. Hata jeshi zima la watu wapatao 8,000 liliposhuka, askari wapatao 1,000 wa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, walilishinda tarehe 4 katika vichaka na mashamba ya mpira, na kesho yake likapakiwa tena melini. Pande zote mbili zilileta nyongeza, lakini wanaoandika "uimarishaji" tu huzichanganya, ilhali "nyongeza ya mpwelezo" hutenga mara moja iliyotoka majini na iliyoshuka kwenye garimoshi, na kushindwa kwa jeshi lililoshushwa huelezwa na shina lilelile: mpwelezo uliopwelea.

Katika matumizi husemwa kupweleza jeshi, mpwelezo wa usiku, na mashua za kupwelezea.