Deni Lisilo na Mdaiwa: Neno "shall" katika Sheria

Mwanafunzi wa sheria wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hufundishwa mapema kwamba "shall" ni amri na "may" ni hiari. Tanzania imeliweka somo hilo ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kinasema kwamba "may" ikitumika kutoa mamlaka, mwenye mamlaka ana hiari ya kuyatumia au kuyaacha. "Shall" ikitumika kumpa mtu jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Msomaji angedhani mjadala umekwisha hapo. Haukwisha. Katika rufaa moja ya jinai iliyosajiliwa mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba "shall" ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si amri kamili ya kifungu cha 53, bali inasomwa chini ya kifungu cha 388 cha sheria hiyo hiyo, kinachouliza iwapo kasoro iliyotokea imesababisha haki kupotea. Huko Marekani, mwaka 1995, Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu aliandika kwamba waandishi wa sheria wakati mwingine hulitumia neno hilo, au hulitumia vibaya, kwa maana ya ushauri, ya wakati ujao, na hata ya hiari.

Wanaolipinga neno hili husema maana zake zimezidi, na dawa yao ni kuliondoa na kuweka "must" mahali pake. Mimi nakubaliana nao nusu tu. Wingi wa maana ni tatizo la kweli, lakini si ndilo lililowagharimu watu haki zao. Kilichowagharimu ni urahisi ambao "shall" inampa mwandishi wa kuagiza jambo bila kumtaja anayeagizwa.

Asili ya neno yenyewe inatusaidia kuliona hili. Katika Kiingereza cha kale, "sceal" lilikuwa tamko la mwenye deni: nadaiwa, natakiwa kulipa. Kijerumani kimebaki na ndugu yake, "Schuld", linalobeba deni na hatia kwa pamoja. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu kuielewa njia hiyo, kwa sababu lugha yetu imeipita pia. Kuwiwa ni kudaiwa. Na anayeandika katika dibaji ya kitabu chake kwamba anawiwa kuwashukuru walimu wake hazungumzii fedha, anataja wajibu. Deni limegeuka wajibu bila kupoteza umbo lake: bado kuna anayewiwa, na bado kuna anayemwia.

Kiingereza hakikuishia hapo. Lililo wajibu wa mtu linatazamiwa kutokea, na taratibu "shall" ikaanza kutaja tu jambo lijalo. Waliotafsiri Biblia katika kundi la John Wycliffe, karne ya 14, waliitumia kwa kawaida kufasiri wakati ujao wa Kilatini. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, aliandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini na kuweka kanuni iliyowatesa wanafunzi kwa karne tatu: kwa nafsi ya kwanza "shall" hutabiri na "will" huahidi au kutisha, kwa nafsi ya pili na ya tatu kazi zao hubadilishana. Waskoti, Waairish na Wamarekani wengi hawakuishika kanuni hiyo, na Waingereza wenyewe wameiacha. Leo katika mazungumzo ya kila siku neno limebaki hasa kwenye maswali ya kupendekeza, yale ambayo sisi tungesema "twende?" au "nifungue dirisha?". Makazi yake makubwa sasa ni sheria na mikataba.

Humo sheriani linafanya kazi zisizo na undugu. Linamwagiza waziri atoe taarifa. Linasema sheria itaanza kutumika siku fulani, na hapo hakuna anayeagizwa lolote. Linaeleza maana ya istilahi. Linatangaza kwamba mkataba wa namna fulani ni batili. Linampa mtu haki, kwa mfano haki ya kukata rufaa. Ni sentensi ya kwanza tu kati ya hizi iliyo na deni ndani yake. Nyingine ni matangazo. Mwandishi aliyezoea kuliweka "shall" katika kila sentensi hafikii hatua ya kujiuliza lini ametoa amri na lini ametangaza tu.

Sijui mahali ambapo gharama ya mazoea hayo imeonekana wazi kuliko Kenya. Ibara ya 81(b) ya Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya umma vinavyochaguliwa, na neno lililobeba takwa hilo ni "shall". Lakini mtenda ni nani? Kiima cha sentensi ni hesabu ya wajumbe, na hesabu haiwezi kupewa amri. Je, anayedaiwa ni mpiga kura, chama cha siasa, Tume ya Uchaguzi au Bunge? Kwa mabaraza ya kaunti, ibara ya 177 ilijibu: nafasi maalumu zinaongezwa kwa idadi inayohitajika mpaka kipimo kifikiwe, na mabaraza yamekuwa yakikifikia. Kwa Bunge la Taifa, ibara ya 97 ilitaja wabunge 290 wa majimbo, wanawake 47 wa kaunti na wateule 12, kisha ikanyamaza.

Mwezi Desemba 2012 Mahakama ya Juu ya Kenya iliombwa ushauri na Mwanasheria Mkuu. Majaji walio wengi waliona kwamba "shall" ni amri ya papo hapo pale tu ambapo jambo linaloagizwa liko tayari kutekelezwa bila maandalizi mengine. Hili la jinsia lilihitaji sheria kwanza, kwa hiyo lingefikiwa hatua kwa hatua, na sheria hiyo itungwe kabla ya tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga, akitaka kanuni itekelezwe katika uchaguzi wa 2013. Moyo wangu uko na Mutunga. Wanawake wa Kenya walipigania ibara hiyo kwa miaka mingi, na kuambiwa kwamba ushindi wao ni wa baadaye ni uchungu usiofutwa kwa ufasaha wa hukumu. Hata hivyo walio wengi waligusa kasoro iliyokuwepo kweli katika maandishi: deni lilikuwa limeandikwa bila jina la mdaiwa, na mahakama ikalazimika kulitafuta.

Jina lilipopatikana, yaani Bunge, kasoro nyingine ikajitokeza. Ibara ya 261 inamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama Kuu ikiwa Bunge halikutunga sheria kwa wakati. Basi mdai yupo. Bunge likiendelea kukaidi, Jaji Mkuu "shall" amshauri Rais alivunje, na Rais "shall" alivunje. Watenda wote wawili wametajwa. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitimiza sehemu yake. Ibara haikumwekea Rais siku ya mwisho ya kutimiza yake; siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha ushauri huo, na Bunge likakaa mpaka muhula wake ulipoisha mwaka 2022. Ni nadra katiba kusema kwa ukali kiasi hicho na kusikilizwa kwa kiasi kidogo namna ile.

Kuna upande wa deni ambao kesi ya Kenya haiuonyeshi. Huko Castle Rock, jimbo la Colorado, mwezi Juni 1999, mama mmoja aliwaita polisi mara kadhaa kwa sababu mume aliyekuwa ametengana naye alikuwa amewachukua binti zao watatu kinyume cha amri ya mahakama. Sheria ya Colorado ilisema polisi "shall" watumie kila njia ya busara kuitekeleza amri kama hiyo, na "shall" wamkamate anayeivunja pale wanapokuwa na sababu za kutosha. Mdaiwa alikuwa wazi kabisa. Polisi hawakumkamata. Usiku ule baba alifika kituoni akifyatua risasi, akauawa, na wasichana wale walikutwa wamekufa ndani ya gari lake. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji saba dhidi ya wawili, iliamua kwamba mama huyo hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai utekelezaji wa amri aliyopewa. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba polisi wamekuwa na hiari siku zote, hata chini ya sheria zinazoonekana kulazimisha. Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilikuja kuona, mwaka 2011, kwamba Marekani ilikiuka haki za mama huyo na za watoto wake. Kwa lugha ya deni, mahakama ilikubali kwamba polisi wangeweza kuwa na wajibu, lakini ikakataa kwamba walikuwa wanawiwa na mama yule.

Nirudi kwa wanaotaka "must". Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ililichagua neno hilo kwa wajibu, na Marekani iliposafisha kanuni zake za mwenendo wa madai mwaka 2007 iliiacha "shall" kwa sababu ya wingi wa maana zake. Ni hatua njema, kwa kuwa "must" haiwezi kutumika kutabiri wala kueleza istilahi bila kusikika vibaya, na hilo humzindua mwandishi. Lakini weka "must" katika ibara ya 81(b) uone: mdaiwa hajapatikana.

Kwa Tanzania suala hili ni la sasa. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza zikapaswa kufasiriwa. Desturi iliyopo, inayoonekana hata katika Katiba ya 1977, ni kutumia kiambishi -ta-: kutakuwa na, atakuwa, itafanya. Kiambishi hicho kinatokana na kitenzi kutaka, ambacho bado kinasikika kikamilifu tunaposema "atakayekuja". Kwa asili, basi, -ta- ni ndugu wa "will", iliyotokana na kutaka, na si wa "shall", iliyotokana na kuwiwa. Waliotafsiri Amri Kumi kwa Kiswahili walilijua hilo kwa sikio: hawakufuata wakati ujao wa Kiingereza cha 1611, walichukua umbo la kukataza lenye -si-, na hakuna mwumini aliyewahi kulisikia kama utabiri.

Mfasiri wa sheria anaweza kufanya vivyo hivyo. Palipo na tangazo, Kiswahili kinatosheka na "ni": mkataba huo ni batili, maana ya neno hili ni hii. Palipo na wajibu, tunayo lazima, sharti, anapaswa, ni wajibu wa, na kila moja hutafuta mtu wa kukaa naye. Jaribu kuandika "ni wajibu wa" na kalamu itasimama mpaka uandike wa nani. Ikiwa sheria ya Kiingereza haina jibu, mfasiri asilizibe pengo kwa -ta-. Airudishe sentensi kwa ofisi ya Mwandishi Mkuu wa Sheria, akiuliza kwa maandishi nani anawiwa, anawiwa na nani, na hadi lini, kabla tafsiri haijapelekwa kwenye Gazeti la Serikali.