Kiswahili na Kujaa kwa Madarasa ya Tanzania

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, shule zake za msingi zilikuwa na wanafunzi wapatao 486,000 tu. Kufikia mwaka 1974, wanafunzi wa Tanzania Bara walikuwa milioni 1.2 hivi, na hata hivyo watoto wengi wa rika la shule walikuwa wangali majumbani.

Novemba mwaka huo, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikakata shauri: elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwisho wa mwaka 1977, wala isingojewe mwaka 1989 kama ilivyopangwa hapo awali. Ada ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1973. Madarasa wanavijiji waliweza kuyajenga kwa mikono yao. Lakini mwalimu hafyatuliwi kama tofali.

Vyuo vya ualimu havikutosha. Ndipo wakachaguliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa shuleni: huku wakifundisha, huku wakijifunza ualimu kwa wakufunzi, kwa masomo ya posta na kwa redio. Hivyo wakapatikana walimu zaidi ya 35,000. Mwaka 1981 wanafunzi walifikia milioni 3.5, na wasichana walikaribia nusu yao.

Jambo hili liliwezekana kwa sababu ya lugha. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Kijana yule alifundisha hesabu na jiografia kwa lugha ile ile aliyosomeshwa. Lau ingekuwa Kiingereza, asingethubutu kusimama mbele ya darasa.

Hata hivyo, lugha haikuziba kila pengo. Elimu ya walimu wale ilikuwa haba, vitabu na madawati havikutosha, na nafasi za sekondari zilibaki chache mno. Uchumi ulipodorora katika miaka ya 1980, michango ya wazazi ilirudishwa, na uandikishaji ukapungua.

Walimu wenzangu wa nchi jirani, historia hii inatuhusu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Swali ni lile lile la Musoma: walimu watatoka wapi? Tena ni zito zaidi, kwani kijana wa Tanzania alikwenda kufundisha akiwa na lugha kinywani. Wengi wa walimu wa Uganda hawana budi kujifunza kwanza.