Mafuta ya bangi na mtoto mwenye kifafa: kipi kweli, kipi si kweli?

Mzazi mwenye mtoto wa kifafa hukosa usingizi, na kila anayemwambia ana dawa humsikiliza. Ndiyo maana habari za mafuta ya bangi zikipita kwenye simu humshika haraka. Ndani ya habari hizo mna ukweli, ila umechanganywa na mengi yasiyo kweli, na anayeumia ni mtoto.

Kilichomo ndani ya bangi

Bangi ina kemikali zaidi ya 100 za jamii iitwayo kanabinoidi. Mbili ndizo zinazotajwa sana. Ya kwanza ni THC, ambayo ndiyo inayolevya. Wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga huko Israeli mwaka 1964. Ya pili ni kanabidioli, au CBD kwa kifupi, ambayo hailevyi. Zote mbili hutoka kwenye mmea mmoja, lakini kazi zake mwilini ni tofauti. Bangi inayovutwa mitaani hutafutwa kwa ajili ya ile THC. Kwa hiyo anayevuta msokoto akasema anajitibu, havuti ile dawa ya kifafa.

Yaliyothibitishwa

Mwaka 1985 Marekani iliidhinisha vidonge vya THC iliyotengenezwa maabara kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa sababu ya dawa kali za ugonjwa huo. Tazama vizuri hapo: dawa ile hutuliza kichefuchefu, haitibu saratani. Uingereza nayo mwaka 2010 iliruhusu Sativex, dawa ya kupulizia mdomoni yenye THC na CBD, kwa watu wanaokaza misuli kutokana na ugonjwa wa neva uitwao multipo sklerosisi.

Kwa kifafa, dawa ni Epidiolex, ambayo ni CBD iliyosafishwa. Marekani iliikubali Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, ziitwazo Dravet na Lennox-Gastaut, na mwaka 2020 ikaongeza aina ya tatu. Katika utafiti wa wagonjwa 120 wa Dravet uliochapishwa mwaka 2017, waliopewa CBD walishuka kutoka wastani wa mishtuko 12 kwa mwezi hadi 6 hivi. Waliopewa dawa bandia walibaki kwenye 14. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini watoto hao waliendelea kumeza dawa zao za kawaida. CBD iliongezwa juu yake, haikuchukua nafasi yake.

Tatizo la chupa

Kipimo cha Epidiolex hufuata uzito. Kwa aina hizo mbili za kwanza, mtoto wa kilo 20 huweza kuhitaji miligramu 200 hadi 400 kila siku. Basi chupa ya mafuta yenye miligramu 500 kwa jumla haimfikishi hata siku tatu, ilhali muuzaji humwambia mzazi ampe matone machache.

Na kilichoandikwa kwenye chupa si lazima kiwe ndani. Watafiti wa Marekani walipima bidhaa 84 za CBD zilizouzwa mtandaoni, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kama theluthi moja tu ndizo zilizolingana na maandishi yake, na 18 zilikuwa na THC. Mzazi anaweza kumlevya mwanawe bila kujua.

Mambo yanayosemwa

"Ni mti shamba, haudhuru." Miti shamba mingi ina sumu. CBD inaweza kuathiri ini, hasa ikichanganywa na valproeti, dawa ya kifafa inayotumika sana. Huweza pia kuzidisha nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

"Inaponya saratani." Kuua seli kwenye kisahani cha maabara si sawa na kumponya mgonjwa. Hakuna nchi iliyoidhinisha bangi kuwa tiba ya saratani yenyewe.

"Bangi haina uraibu." Inao, na anayeanza akiwa kijana yumo hatarini zaidi. THC pia huongeza uwezekano wa kupatwa na ugonjwa wa akili, hasa kwa wanaovuta tangu ujana na kila siku.

"Umoja wa Mataifa umeihalalisha." Desemba 2020 bangi iliondolewa kwenye orodha ya dawa zilizobanwa kupita zote, kwa kutambua kwamba ina matumizi ya tiba. Lakini bado imo kwenye udhibiti wa kimataifa. Hapa Kenya, kuwa nayo ni kosa chini ya sheria ya mihadarati ya mwaka 1994.

La kufanya

Usimkatize mtoto dawa zake. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, mishtuko huweza kurudi kwa kufululiza, na hiyo huua. Watafiti wa Kilifi wameonyesha kwa miaka mingi kwamba wengi wenye kifafa hawapati tiba ya kawaida au huiacha njiani, ilhali fenobabitali na kabamazepini ni dawa za zamani, za bei nafuu, na huwasaidia wengi. Mtoto akiendelea kuanguka hali ya kuwa anameza dawa, mrudishe kliniki. Huenda kipimo ni kidogo kwa uzito wake wa sasa, au aina ya dawa ibadilishwe. Na kama umeshampa mafuta hayo, mwambie daktari usifiche, maana ataangalia ini lake na dawa anazotumia.