Pikapu ya okazioni na feza kidogo: mambo ya kuangalia mbele ya kulipa

Katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, pikapu iko gari ya kazi. Inatoa maharagwe na viazi shambani, inabeba mbao na simenti, na siku ya soko inapeleka watu pamoja na mizigo yao. Gari mupya inapita uwezo wa wakulima na wachuuzi wengi, njo maana wanatafuta ya okazioni. Lakini hata gari ya bei chini inaweza kumaliza akiba ya familia nzima, kama hesabu haikufanywa muzuri.

Hesabu ya feza

Bei ambayo muuzaji anataja ni sehemu ya kwanza tu. Ya pili ni makaratasi. Ya tatu ni matengenezo ya kwanza: mafuta ya moteri, filtre, betri, pine, freni. Mwenye dola 6.000 asitafute gari ya dola 6.000. Atafute ya 4.000 ao 4.500, sababu feza itakayobaki njo itafanya gari itembee.

Moteri

Mafundi wa kwetu wanajua sana Toyota, na vipuri vyake vinapatikana hata mbali na miji mikubwa. Katika Hilux za zamani, moteri za mazutu 2L, 3L na 5L ni rahisi kutengeneza: zile za kawaida hazina turbo wala ordinateri. Land Cruiser yenye moteri 1HZ, litre 4,2 na silinda 6, iko na nguvu zaidi, lakini inakunywa mazutu mingi na bei yake iko juu.

Moteri hizo zote ziko na mukanda ambao mafundi wanaita kurua. Kwa kawaida unabadilishwa kila kilometre 100.000, ukikatika, unaweza kuharibu moteri. Kama muuzaji hana ushahidi kwamba ulibadilishwa, mununuzi auweke katika hesabu yake.

Shasi

Moteri iliyokufa inaweza kubadilishwa, lakini shasi iliyopasuka ni hasara kubwa. Fundi alale chini ya gari, aangalie zaidi pahali resori za nyuma zinashikia shasi. Mizigo ya kupita kiasi na barabara mubovu vinapasua chuma pale. Alama za kuchomelea, ao rangi mupya iliyopakwa chini peke yake, zinataka maulizo.

Kujaribu gari

Moteri iwashwe asubuhi, ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameisha kuipasha moto mbele ya mununuzi kufika, pengine anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu unaonyesha kwamba moteri inachoma mafuta yake. Moshi mweupe usioisha, pamoja na maji ya radiateri kupunguka, unaweza kumaanisha kichwa cha moteri kimeharibika. Kisha gari ipande mulima ikiwa na muzigo: vitesi visiruke, ambrayazi isiteleze.

Waangalie pia volani. Kongo gari zinapita upande wa kuume, lakini zile za Japani ziko na volani kuume. Dereva wake haoni muzuri mbele wakati anataka kupita lori.

Makaratasi

Namba ya shasi iliyoandikwa kwenye chuma iwe sawasawa na ile ya karte roze. Kama ilikwanguliwa ao haisomeki, mununuzi aache ile gari.

Gari yenye plake ya inchi jirani inaweza kuwa rahisi sana, kumbe duane haijalipwa. Siku itakamatwa, muuzaji hatakuwa pale. Mwenye kuwa nayo njo atalipa. Kwa hiyo, mbele ya kutoa hata franga moja, apeleke namba ya shasi na karatasi za duane kwa DGDA, aulize kama zinajulikana na kama gari ya namna ile inaruhusiwa kuingia.

Feza isipewe komisioneri. Ipewe mutu mwenye jina kwenye karte roze, ao aliyepewa naye ruhusa ya maandishi, mbele ya washahidi na mukataba wenye sinyatire za wote.

Na fundi wa kuchunguza awe yule mununuzi mwenyewe amechagua na kulipa, hapana yule muuzaji amemuletea.